PAUL ROBESON NA WIMBO WA MTO

Ukimwuliza mwanachama yeyote wa Chama chetu cha Kiswahili akutajie watu waliokienzi Kiswahili, atamtaja Shaaban Robert mara moja, kisha Muyaka, halafu ataanza kukuna kichwa. Sidhani kuna atakayemtaja Paul Robeson. Naye huyu alikuwa Mmarekani, hakuzaliwa pwani wala bara. Lakini mnamo mwaka wa 1934, akiwa tayari mwimbaji maarufu mwenye mke na mtoto, aliingia darasani mjini London na kuanza kujifunza Kiswahili. Hakuna mwalimu aliyemlazimisha, wala hakuwa na mtihani wa taifa uliokuwa ukimngoja. Alitaka tu kuzijua lugha za Afrika, bara walikotolewa mababu zake kwa minyororo.

Wasomaji wapendwa, nataka kuwasimulia maisha ya mtu huyu. Ni maisha marefu na yenye mambo mengi, kwa hiyo nitayafuata kupitia mchezo mmoja wa kuigiza na wimbo mmoja ulio ndani yake. Wimbo huo ulitungwa ukilenga sauti yake, ukamfanya ajulikane kote duniani, kisha ukaanza kumkera, na mwishowe akaubadilisha maneno. Msimamo uliomfanya aubadilishe ndio huo huo uliomgharimu karibu kila kitu alichokuwa nacho.

Kuzaliwa na Masomo

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, akatoroka akiwa na umri wa miaka 15, umri ambao wengi wetu tulikuwa nao tulipokuwa kidato cha pili. Baadaye alisoma hadi akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1904 mama huyo aliungua moto nyumbani na kufariki, Paul akiwa bado hajatimiza miaka sita. Basi akalelewa na baba ambaye hakutaka kusikia habari ya alama za katikati. Mtoto akileta tisini na tano, mzee aliuliza zile tano zimekwenda wapi.

Mwaka wa 1915 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha Rutgers. Wanafunzi weusi hapo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Alipojaribu kujiunga na timu ya kandanda ya Kimarekani, ile ambayo mpira hubebwa mikononi, wachezaji wenzake walimpiga wakamvunja pua. Siku nyingine mmoja wao akamkanyaga mkono kwa njumu. Lakini wapi! Robeson hakuacha. Mwaka wa 1917 na 1918 aliteuliwa katika orodha ya wachezaji bora wa Marekani nzima. Mwaka wa 1919 alimaliza masomo akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa, na ndiye aliyetoa hotuba kwa niaba ya wenzake.

Kutoka hapo alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akahitimu mwaka wa 1923. Kazi ya uwakili haikudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mmoja mzungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka. Mkewe Eslanda, ambaye walioana mwaka wa 1921, alikuwa ameshaona kuwa mumewe ana kipawa cha jukwaani, naye akamhimiza akifuate. Mwaka wa 1924 akaigiza katika michezo ya Eugene O'Neill. Mwaka wa 1925, akifuatana na mpiga kinanda Lawrence Brown, akafanya tamasha la nyimbo za watumwa peke yake. Sauti yake ilikuwa nzito ya besi, na waliomsikia walisema inatoka kama kwamba haimgharimu nguvu zozote.

Mchezo Uitwao Show Boat

Sasa tuuingilie mchezo wenyewe. Zamani katika mto Mississippi kulikuwa na meli zilizobeba ukumbi mzima wa maonyesho. Zilitia nanga mji hadi mji, watu wakalipa kiingilio, wakatazama michezo ya kuigiza humo humo melini. Mwaka wa 1926 mwandishi Edna Ferber alitoa riwaya kuhusu meli kama hiyo. Jerome Kern akaitungia muziki, Oscar Hammerstein akaandika mazungumzo na maneno ya nyimbo, na riwaya ikageuka kuwa mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake huzungumza, huimba na kucheza. Ulifunguliwa New York tarehe 27 Desemba 1927 katika ukumbi wa tajiri Florenz Ziegfeld.

Kabla ya hapo, michezo ya nyimbo huko Marekani ilikuwa ya kuchekesha tu: wasichana warembo, mizaha, na mapenzi yanayoishia harusini. Show Boat ilileta mambo mengine. Mna mwigizaji mmoja, Julie, ambaye anaonekana mweupe lakini ana damu ya watu weusi. Ameolewa na mzungu, na sheria ya jimbo la Mississippi inakataza ndoa kama hiyo. Siri inapofichuka, analazimika kuihama meli. Mna pia mapenzi ya Magnolia, binti ya nahodha, na mcheza kamari ambaye baadaye anamwacha yeye na mtoto. Waigizaji weusi na weupe walionekana katika jukwaa moja, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni sana. Mchezo ulionyeshwa mara 572.

Katika mchezo huo kuna mhusika aitwaye Joe. Yeye ni mchukuzi mweusi wa gatini. Anabeba marobota ya pamba kutwa kucha, na akipumzika anautazama mto na kuimba. Wimbo wake unaitwa Ol' Man River. Unasema kwamba mto unajua mambo yote lakini hausemi neno, unatiririka tu, na wala haujali taabu za watu walio ukingoni. Sisi wa Kyuso, ambao mito yetu ni ya msimu na hugeuka mchanga mvua ikipita, huenda tusiuelewe haraka mto wa namna hiyo mpaka tuufikirie mto Tana ulioko kaskazini yetu. Lakini Joe tunamwelewa. Yeyote aliyefukua mchanga kutafuta maji, kisha akabeba mtungi mgongoni hadi nyumbani jua likiwa utosini, anajua vile mtu huhisi anapofanya kazi isiyokwisha.

Kern aliutunga wimbo huo akiifikiria sauti ya Robeson. Hata hivyo mchezo ulicheleweshwa, mipango ikagongana, na aliyeuimba mara ya kwanza New York ni Jules Bledsoe. Robeson aliingia Mei 1928, mchezo ulipofunguliwa London katika ukumbi wa Drury Lane. Sehemu yake haikuwa ndefu. Lakini alipoimba, watu walisahau kuwa Joe ni mchukuzi tu. Ulipoletwa tena New York mwaka wa 1932, Robeson ndiye aliyekuwa Joe, na mwaka wa 1936 akaigiza sehemu hiyo katika filamu. Tangu hapo watu wengi waliuhesabu kuwa wimbo wake.

Lakini wimbo wenyewe ulikuwa na mwiba. Joe alivyoandikwa ni mtu aliyechoka, mwenye kuogopa kufa na aliyekata tamaa ya kuishi, asiyewaza kwamba mambo yanaweza kubadilika. Isitoshe, maneno ya kwanza kabisa yaliwataja watu weusi kwa jina la matusi. Wapo weusi waliolaumu mchezo huu tangu zamani, wakisema unawaonyesha wazungu mtu mweusi wanayempenda: mnyenyekevu, mvumilivu, asiyedai chochote. Robeson aliyasikia hayo, naye akaendelea kuimba. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha.

London, Kiswahili na Kenyatta

Robeson na familia yake waliishi London kwa miaka mingi, hadi mwaka wa 1939. Huko ndiko alikoigundua Afrika. Katika chuo cha lugha za mashariki, School of Oriental Studies, alisoma fonetiki na Kiswahili, pamoja na lugha nyingine za Kiafrika. Aliandika makala akieleza kwamba anataka kuwa Mwafrika kwa fikira na kwa utamaduni, na kwamba si kweli lugha za Waafrika haziwezi kubeba mawazo mazito. Kumbuka, hii ilikuwa miaka ya 1930. Hata baadhi yetu leo bado tunaona kuzungumza Kiswahili vizuri ni jambo la kuchekwa.

London hiyo hiyo alikuwako kijana mmoja kutoka Kenya aliyekwenda kudai ardhi ya watu wake. Jina lake Jomo Kenyatta. Wawili hawa walifahamiana, na mwaka wa 1935 walionekana katika filamu moja iitwayo Sanders of the River. Robeson aliigiza sehemu kubwa ya chifu Bosambo. Kenyatta, ambaye alihitaji pesa, aliigiza chifu mdogo tu. Kumbe huyo chifu wa sinema angekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yetu!

Robeson aliikubali kazi hiyo akiamini kuwa filamu itaonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima. Ilipomalizika ilikuwa sifa tupu kwa ukoloni. Ofisa mzungu ndiye mwenye hekima, na Waafrika ni kama watoto wanaovuruga kila kitu akiondoka kidogo tu. Robeson aliona aibu na baadaye akaikana hadharani. Mwaka uliofuata, 1936, Eslanda na mtoto wao walisafiri hadi Afrika Kusini na Uganda, wakajionea wenyewe watu walivyoishi chini ya wakoloni. Kwa maoni yangu filamu ile ndiyo iliyomfunza kuwa sauti ya mtu inaweza kukodishwa imseme vibaya mwenyewe. Tangu hapo alianza kuchunguza maneno aliyotiwa kinywani.

Anaubadilisha Wimbo

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Robeson aliamua kuchimba mkondo mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea Uhispania, alisimama katika mikutano ya kuwatetea waliopigana na jeshi la Jenerali Franco. Mnamo Januari 1938 akaenda Uhispania kwenyewe kuwaimbia wapiganaji. Wakati huo ndipo watu walipoanza kusikia wimbo wa mto ukiwa na maneno mapya. Muziki ulikuwa ule ule. Lakini Joe hakulia tena kwa uchovu na woga wa kifo. Sasa alicheka badala ya kulia, na akaahidi kwamba ataendelea kupigana hadi kufa.

Ni maneno machache tu yaliyobadilika, na mtu asiyesikiliza vizuri angeweza kupitwa. Oscar Hammerstein, mwenye maneno yake, hakufurahia. Hapo kuna jambo la kufikiri. Hammerstein ndiye mtunzi na alikuwa na haki yake. Lakini anayeimba ndiye anayesimama mbele ya watu, na watu huamini kuwa hayo ndiyo moyo wake. Robeson alichagua kuimba kile ambacho angeweza kukitetea. Mwaka wa 1940 alirudi kuigiza Joe huko Los Angeles, na hiyo ndiyo mara yake ya mwisho katika mchezo wenyewe. Wimbo aliendelea nao, kwa maneno yake.

Mwaka wa 1943 aliigiza Othello wa Shakespeare jijini New York, mtu mweusi katika sehemu iliyozoea kuchezwa na wazungu waliojipaka rangi. Mchezo ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliokuwa umedumu hivyo katika kumbi kubwa za New York. Hapo alikuwa kileleni.

Mambo Yanageuka

Baada ya vita vya pili vya dunia, Marekani na Urusi zilianza uhasama. Robeson aliisifu Urusi kwa sababu alipoitembelea mwaka wa 1934 alihisi kuwa ametendewa kama mtu. Wengi walimlaumu kwamba alinyamaza huku Stalin akiwaua watu wasio na hatia, baadhi yao rafiki zake. Lawama hiyo ina uzito, na hatufai kuificha eti kwa sababu tunampenda mtu. Mtu aliyewasemea wanyonge wa nchi nyingi alikosa kuwasemea hao.

Nchini kwake mambo yakachacha. Mwezi Agosti 1949 wahuni walivamia mahali alipotarajiwa kuimba karibu na mji wa Peekskill, wakazuia tamasha. Wiki moja baadaye alirudi akaimba huku wafanyakazi wamemzunguka kama ukuta kumlinda. Watu walipokuwa wakirejea makwao, magari yao yakapigwa mawe. Kumbi zikafungwa kwake. Mwaka wa 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti, asiweze kwenda kuimba ng'ambo alikopendwa. Serikali ilipojitetea mahakamani ilitaja, miongoni mwa sababu zake, bidii yake ya miaka mingi kuwapigania watu wa makoloni ya Afrika wapate uhuru. Yaani sisi. Mtu alifungiwa nchini mwake kwa sababu alisema babu zetu wanafaa kujitawala.

Mwezi Oktoba 1952 rafiki yake wa London, Kenyatta, alikamatwa na Waingereza, akahukumiwa Kapenguria na kufungwa Lokitaung. Baraza la Mambo ya Afrika, ambalo Robeson alikuwa mwenyekiti wake huko Marekani, likapaza sauti kuwatetea Wakenya. Basi wale machifu wawili wa sinema, kila mmoja alikuwa amezuiliwa kwa namna yake.

Hata hivyo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwezi Mei 1952 Robeson alikwenda mpakani mwa Marekani na Kanada, akapanda juu ya lori upande wa Marekani, na kuwaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili. Mwaka wa 1957 aliimba akiwa New York, na watu waliojaa ukumbini London wakamsikiliza kupitia waya wa simu uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki. Siku hizi tunatumiana nyimbo kwa simu bila kufikiri. Wakati ule lilikuwa jambo la kustaajabisha. Wimbo wa mto uliwafikia watu ambao yeye mwenyewe alikatazwa kuwafikia.

Mwaka wa 1958, baada ya uamuzi wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani, alirudishiwa pasipoti. Mwaka wa 1959 akaigiza Othello tena huko Stratford, Uingereza. Mnamo Novemba 1960 alifika Sydney, Australia, ambako jumba kubwa la opera lilikuwa bado linajengwa. Alisimama kati ya saruji na vyuma akawaimbia wajenzi wakati wa chakula cha mchana. Jumba lilifunguliwa rasmi mwaka wa 1973, lakini wachukuzi wa zege walikuwa wamepata tamasha lao kabla ya matajiri. Joe angefurahi.

Mwaka wa 1961 aliugua sana, mwili na akili. Hakurudi tena jukwaani kama zamani. Eslanda alifariki Desemba 1965. Robeson akaishi kimya kwa dada yake huko Philadelphia hadi alipoaga dunia tarehe 23 Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 77. Kenya ilikuwa imekwisha kuwa huru kwa miaka kumi na miwili, na chifu mdogo wa ile filamu alikuwa Ikulu.

Mchezo Baada Yake

Show Boat haikufa. Ilirudi New York mwaka wa 1946, ikaonyeshwa mara 418. London iliionyesha tena mwaka wa 1971, mara 910. Mwaka wa 1993 ilipoandaliwa upya mjini Toronto, Kanada, watu weusi wa huko waliandamana kuupinga mchezo huo, na mwaka wa 1994 ikafika New York, ikaonyeshwa mara 947. Lile neno la matusi liliondolewa katika maonyesho ya baadaye. Lakini Joe wa jukwaani bado huchoka na kuogopa kufa, kama alivyoandikwa mwaka wa 1927. Yule Joe anayepigana yumo katika sauti ya Robeson iliyorekodiwa.

Wanachama wenzangu, hili linatuhusu. Kila mwaka tamasha za michezo ya kuigiza zikikaribia, tunajua ni sehemu zipi hupewa Mkamba katika michezo mingi humu nchini. Atakuwa mlinzi wa lango au mpishi, lafudhi yake itavutwa mpaka watu wavunjike mbavu, na mchezo ukiisha hakuna anayekumbuka jina lake. Kuwa mlinzi si aibu. Baba zetu wengi wamelinda na kupika miji mikubwa ili sisi tuketi kwenye madawati haya. Joe naye alikuwa mchukuzi. Ila mlinzi ana akili, ana watoto, ana jambo la kusema, na mwandishi asipomwandikia jambo hilo, mwigizaji anaweza kumwendea mwalimu wa drama kwa heshima na kuomba mstari mmoja zaidi.

Huenda mwalimu akakubali, huenda akakataa. Robeson naye hakukubaliwa na kila mtu. Lakini alikuwa amekwisha kuamua kwamba sauti aliyopewa na Mungu haitatumiwa kuwaambia watu wake wachoke. Na kama yeye aliweza kuketi London akijifunza lugha yetu bila kulazimishwa, sisi tuliozaliwa tukiisikia tuna sababu gani ya kuogopa kuisema kwa sauti?